Jani Kifuani, Tarehe Mosi Machi

1.

Vinavyotakiwa:

jani la kitunguu, moja, bichi
pini
kifua

Unalibana jani kwenye nguo, upande wa moyo. Halafu unatoka nje, unaenda sokoni, kazini, kanisani, unasalimia watu kama mtu mwenye akili zake timamu.

Basi. Hiyo ndiyo mila ya ukoo wetu. Kila mwaka, tarehe mosi Machi.

Usicheke.

2.

Haya cheka, wenzako walishaanza zamani. Shule ya msingi yote jina langu lilikuwa Kachumbari. "Kachumbari, leo umekuja bila nyanya?"

Mimi Sekela. Nina miaka ishirini na moja, nasuka nywele hapa Mlimanjano, wilaya ya Chunya, na hii naiandika kwa dole gumba, betri sitini na moja, kwa hiyo nikiruka kitu nivumilie.

Jani tumerithi kwa mtu mmoja. Baba yake Bibi. Mzungu. Alikuja 1931 kuchimba dhahabu, akaoa Mnyakyusa, akazaa mtoto mmoja tu, ambaye ndiye Bibi yangu Subilaga, akafa kwa homa 1942. Jina lake tunalijua kwa sababu alilichora kwa msumari kwenye mfuniko wa kopo la tumbaku: IDWAL REES. Kopo tunalo. Kaburi tunalo, kule kwenye makaburi ya zamani ya machimbo.

Kijiji kilimwita Mwingereza. Sisi tukawa watoto wa Mwingereza. Habari ikaishia hapo.

Yaani tulidhani imeishia hapo.

3. Kwa nini jani? (nimeuliza watu wanne)

MJOMBA GWAKISA: Waingereza wote wanabana. Hadi mfalme. We hujui tu.

MAMA: Dawa ya mafua hiyo. Machi si ndiyo mvua zinachanganya?

JIRANI, hataki kutajwa: Mimi sisemi kitu. Ila mtu mzima, kitunguu kifuani, mmh...

BIBI: Baba alisema tubane. Tunabana.

4.

OFISI YA MTENDAJI WA KIJIJI
MLIMANJANO
14 Februari

TANGAZO KWA WANANCHI WOTE

YAH: KUHAMISHWA KWA MAKABURI YA ZAMANI YA MACHIMBO

1. Wananchi mnataarifiwa kuwa makaburi tajwa hapo juu yatahamishwa kupisha upanuzi wa barabara.

2. Kila kaburi lenye ndugu litapatiwa eneo lake na alama yake katika makaburi mapya.

3. Ndugu atajaza fomu akionyesha JINA LA MAREHEMU, MAHALI ALIPOZALIWA na UTHIBITISHO.

4. Kwa marehemu aliyetoka nje ya nchi, uthibitisho utoke kwao: kanisa, ofisi au ndugu wa damu.

5. Mabaki yasiyothibitishwa yatazikwa katika kaburi la pamoja.

6. Mwisho wa kupokea fomu ni tarehe 14 Machi, saa 9:30 alasiri. Hakutakuwa na nyongeza ya muda.

5.

"Rudia namba tano," Bibi akasema.

Nikarudia.

"La pamoja maana yake nini? Shimo moja?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na watu asiowajua?"

"Ndiyo."

"Bila jina?"

Bibi akachukua ufagio.

Lazima nikwambie kuhusu ufagio. Bibi ana miaka themanini na nane. Tangu ana miaka mitano analifagia lile kaburi, kila Jumamosi, na akimaliza anahesabu mawe yaliyolizunguka kuona kama hakuna aliyeiba la kusagia. Anahesabu kwa lugha aliyoachiwa na baba yake. Anafika kumi. Mawe yapo kumi na moja. Lile la mwisho analiita tena "moja", kwa sababu baba yake alimfundisha hadi kumi tu, halafu ikaja homa.

Kuku wake hivyo hivyo. Ana kuku ishirini na tatu: kumi, kumi, na watatu.

"Watu asiowajua," akasema, ameshika ufagio, hafagii. "Na wao hawamjui. Nani atakayemsalimia?"

6. *(Barua ya miaka ya nyuma. Mjomba Gwakisa aliiweka kwenye fremu ukutani, kwa sababu ina nembo. Aliyemtafsiria aliandika hivi kwa chini.)*

Ndugu Gwakisa,

Tunakushukuru kwa ombi lako kwa chama chetu cha kutafuta koo. Kwa mujibu wa maelezo uliyotupatia (mahali alipozaliwa: *England*), wanachama wetu wa kujitolea wamepekua vitabu vya ubatizo vya majimbo yote ya England, kuanzia 1895 hadi 1915.

Tunasikitika kukujulisha kuwa hatukumpata mtu wa jina la Idwal Rees anayelingana na maelezo yako.

Inawezekana jina alilolitumia halikuwa lake la kweli. Hili lilikuwa jambo la kawaida kwa wachimbaji wa nyakati zile.

Tunakutakia kila la heri.

7. *(Sauti ya Bibi. Nilimrekodi siku ile ile ya tangazo.)*

Imewaka hiyo simu yako? Haya.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Mwalimu mgeni kaja, ndiyo siku ya kwanza ya Kiingereza. Akauliza, nani anaweza kuhesabu kwa Kiingereza? Weee! Mkono wangu ulikuwa juu hajamaliza kusema. Si mimi mtoto wa Mwingereza? Baba alinifundisha, nimekaa gotini kwake, ananishika kidole kimoja kimoja. Nikasimama. Nikasema: *In. Dai. Tri. Pedwa. Pimp.*

Akaniambia nyamaza.

Akasema hicho si Kiingereza. Hicho si chochote. Nani kakufundisha? Nikasema baba. Akasema basi baba yako mwongo, hakuwa Mwingereza huyo, alikuwa mlevi tu wa machimboni. Darasa likaangua kicheko. Nikachapwa tano. Moja kwa kila namba.

Sikulia. Ila toka siku ile, mke mwenzangu, mbele za watu sihesabu. Nahesabu mawe na kuku tu. Kuku hawacheki.

Halafu mjomba wako akaleta ile barua. Akanisomea. Jina halikuwa la kweli. Nikasema moyoni: kumbe yule mwalimu

Zima.

Zima hiyo.

8. *(Kundi la WhatsApp: UKOO WA MWINGEREZA 👑)*

Mjomba Gwakisa: Wanaukoo, kuhusu fomu. Mimi naona tuandike LONDON tumalize kazi.

Mama: Na uthibitisho kaka?

Mjomba Gwakisa: Uthibitisho si mimi hapa. Angalia pua.

Sekela: 😂😂😂

Mama: Shikamoo pua.

Mjomba Gwakisa: Marahaba. Mnacheka lakini kijiweni wote wananiita Mwingereza na hakuna aliyewahi kuomba fomu.

Mama: Kijiweni wanakuita hivyo kwa sababu ya ile jezi ya England hujaivua tangu Sekela yupo la tatu.

Mjomba Gwakisa: Ni urithi ile.

Mama: Urithi umetoboka kwapani. Kaka, Mama hali. Jana kanywa chai tu.

Mjomba Gwakisa anaandika...

Mjomba Gwakisa anaandika...

Mjomba Gwakisa: Najua dada. Najua.

9.

Tarehe mosi Machi, Jumamosi, saa mbili asubuhi. Nimemshika Bibi kwenye kamera hajajua. Gauni la maua, jani limesimama kifuani kama askari, anawamwagia kuku pumba na kuhesabu: *in, dai, tri, pedwa, pimp, hwekh, saith, uith, nau, deg.* Halafu *in* tena.

Sekunde thelathini na nane. Nikaandika juu yake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: MILA YA ENGLAND UKOONI KWETU TANZANIA. NANI ANAMJUA IDWAL REES?

Nikairusha, nikaenda kumsuka mteja. Mtindo wa twende kilioni. Nimefika mistari minne, simu inatetemeka mezani mpaka kitana kinaanguka.

10. Maoni (nimetafsiri kwa mashine, usinilaumu)

— huyo bibi ni mzuri sanaaa ❤️

— Kachumbari wa Mlimanjano umetoka kimataifa!!!

— Mimi ni mtu wa England, nimezaliwa Yorkshire, na wazazi wangu, na wazazi wao. Hatufanyi hivi. Sijawahi kumwona mtu wa England amefanya hivi. Na hiyo lugha sio yetu, samahani.

— Nimezaliwa Leicester, wazazi wangu walitoka Tanga, Kiswahili bado ninacho 😊 Mimi nikiulizwa nasema ni wa Britania, hapo sina shida. Wakisema "wewe mtu wa England" nasita kidogo, naona kama nimevaa koti la mtu. Ni vitu viwili, dada. Mtafuteni vizuri huyo babu.

— uongo mtupu, wanatafuta kuangaliwa tu

11.

Sio yetu, samahani.

Sio yetu.

Nilikaa chini, kitana mkononi, mteja kichwa nusu. "Dada, vipi?" Nikasema hamna kitu. Nilikuwa naliona lile darasa. Mkono juu.

Nikapanga kuifuta kabla Bibi hajaambiwa na mtu. Dole gumba lipo juu ya neno FUTA, nakwambia, lipo pale juu

Ikaingia nyingine.

12.

*Mpendwa mmiliki wa bibi,*

*Ninatumia mashine ya kutafsiri kwa hiyo samehe meno yangu. Jina langu ni Eleri Parry, umri 66, mwalimu aliyestaafishwa, kijiji cha Rhydygarn, Wales. Mpwa wangu alinionyesha video. Niliangusha kikombe.*

*Leo ni siku ya mtakatifu wetu Daudi. Sisi watu wa Wales tunabana jani la liki kifuani. Liki ni ndugu mkubwa wa kitunguu. Nimelivaa hapa ninapoandika.*

*Bibi anahesabu kuku kwa Kiwelisi. Anahesabu kama wachimba mawe wa kaskazini wa zamani, kama nyanya yangu. Sijaisikia sauti hiyo tangu tumzike.*

*Nyanya yangu alikuwa na kaka. Alikwenda Afrika 1931.*

*Tafadhali. Nani alimfundisha bibi kuhesabu?*

13.

WALES.

Niliikimbiza hiyo simu kutoka saluni hadi kwa Mjomba, viatu nimeacha.

14. Kijiweni, saa tano asubuhi. Mjomba Gwakisa, mimi, na jezi.

"Wales ndiyo nini?"

"Nchi, Mjomba."

"Najua nchi. Si ipo Uingereza?"

"Ipo kwenye ule muungano. Sio England. England nchi, Wales nchi, Scotland nchi, na ile Ireland ya Kaskazini. Wana mfalme mmoja, pasipoti moja, hiyo ndiyo Britania. Ila mtu wa Wales ukimwambia mtu wa England, umemkosea."

"Acha kunichanganya, Sekela. Mzungu wa pale ni Mwingereza. Babu yangu aliitikia jina hilo, akaitwa Mwingereza hadi kaburini."

"Mjomba. Yule mke wako wa kwanza alikuwa wa wapi?"

"Pemba. Mambo ya Pemba yameingiaje?"

"Mtanzania?"

"Mtanzania ndiyo."

"Mtanganyika?"

Akarekebisha kola ya jezi.

"Uliwahi kumwita Mtanganyika?"

"Nilijaribu siku moja." Akajishika shavu. "Siku moja tu."

Watu wa kijiweni wakaanguka. Mimi bado nasubiri. Nikaona macho yake yanasogea, kitu kinapanda polepole kutoka tumboni kuja usoni.

"Ngoja. Ngoja ngoja ngoja. Kwenye mpira England ana timu yake."

"Ehee."

"Na Wales ana timu yake."

"Ehee!"

"Wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Kama Taifa Stars na Zanzibar Heroes!" Akasimama. "Miaka ishirini naangalia mpira! Nimewaona wakiimba nyimbo mbili tofauti kabla ya kuanza! Nikaja kujaza fomu ya wale watafuta koo, nikaandika..."

Hakumaliza. Akaiangalia jezi yake, pale kwenye simba watatu.

"Nilimtafuta kwa jirani," akasema. "Nikamwambia Mama hayupo."

15. Alivyoandika yeye mwenyewe

*(Barua ya Idwal kwa mama yake, Machi 1942. Familia ya Eleri waliitunza ndani ya Biblia. Aliitafsiri yule dada wa Leicester mwenye wazazi wa Tanga, akiwa na Eleri kwenye simu, mstari kwa mstari.)*

Mama,

Huku wananiita Mwingereza. Mwanzoni nilikuwa nabisha. Nawaambia, mimi ni wa Wales. Wananiuliza mfalme wako nani? Nawatajia. Wanasema si ndiyo huyo huyo, na wanacheka, na wananipa ugali. Sasa nimechoka kubisha. Ukiwa mbali sana na nyumbani mtu hulikubali jina lolote analoitiwa chakula.

Lakini binti yangu sitaki akue bila kujua. Nimempa hesabu zetu. Ana miaka mitano, amefika kumi bila kukosea. Kumi na moja tutaanza mvua zikiisha. Ana jina la kwa mama yake, na maana yake ni *zidi kutumaini*. Nilipoambiwa maana nilitoka nje nikasimama kidogo.

Tarehe mosi nilimbana jani la kitunguu, liki huku hakuna. Alilila.

Tupo chini ya kilima cha njano. Mvua ikinyesha kinang'aa. Ungekipenda.

Nimepata homa kidogo, usijali.

Idwal wako

16.

Subilaga.

Zidi kutumaini.

Nilimsomea Bibi mara tatu. Mara ya kwanza alisikiliza. Mara ya pili aliniomba nirudie pale "alilila", akacheka mpaka akashika mbavu. Mara ya tatu alisema, "Kwa hiyo aliwaambia."

"Aliwaambia, Bibi."

"Kwamba nipo."

"Kwamba upo. Na kwamba unajua kuhesabu."

Akatazama mlango. "Yule mwalimu alishakufa," akasema. "Nilitamani nimwone leo. Hata dakika mbili. Nisingemtukana. Ningehesabu tu."

Jioni hiyo alikula. Ugali, dagaa, akaongeza.

17. Hii naiweka hapa kwa sababu sijui pa kuiweka

Kidato cha pili nilivaa kibao. Unakijua? Mbao na kamba, inaning'inia shingoni, imeandikwa NIMEONGEA KISWAHILI. Unakivaa mpaka umkamate mwenzako, unamhamishia. Jioni aliyebaki nacho anachapwa.

Nikamsimulia Eleri kama kichekesho.

Akaandika kuwa baba yake Idwal, alipokuwa mtoto huko Wales, shule iliwataka waongee Kiingereza tu. Aliyeongea lugha ya kwao alivishwa kipande cha mbao shingoni. Anakivaa mpaka mwenzake akosee, anamhamishia. Jioni aliyebaki nacho

Alichapwa. Ndiyo. Nimeuliza mara mbili.

Mzungu. Kibao.

Mzee wa watu alimaliza kuchapwa kwa kutoongea Kiingereza, Bibi, mjukuu wake, akaja kuchapwa Chunya kwa sababu Kiingereza chake sio

Betri kumi na tisa. Acha nichomeke.

18. Nafasi inasema

Mimi ni nafasi.

Nipo kwenye jiwe jeusi, bapa, nyuma ya kanisa la Rhydygarn. Juu yangu wameandika GWEN REES, 1951. Chini ya hapo: *na mwanawe IDWAL, aliyezikwa*

halafu mimi.

Mchonga mawe alitaka kunifunika na maua ya kuchora. Yule mama, kabla hajafa, alikuwa ameshakataa. Alisema acheni wazi. Kuna mtu huko anapajua. Kuna mtoto. Anahesabu hadi kumi, hashindwi kututafuta.

Nimekaa. Mvua, ukungu, kondoo wamejikuna kwangu. Urefu wangu ni kama herufi kumi na mbili hivi, labda kumi na tatu zikibanana.

Sina haraka.

19. Simu ya video, tarehe 9 Machi, baada ya kanisa

"Bibi, angalia hapa. Sio huko, hapa. Huyu ndiye Eleri."

"Huyu? Mbona mzee?"

"Ana sitini na sita. Mama yake ni binamu yako."

"Basi ni mwanangu." Bibi akakisogelea kile kioo chenye vumbi. "Hujambo, mwanangu? Umekula?"

Eleri hajui Kiswahili. Bibi hajui kitu kingine. Mimi nahangaika na mashine ya kutafsiri, mtandao unakatika, uso wa Eleri umeganda mdomo wazi. Mjomba Gwakisa kasimama nyuma amevaa jezi ndani nje. Kila mtu anatabasamu tu kama wageni wa harusi waliokosea ukumbi.

Bibi akaninyang'anya simu.

Akavuta pumzi.

"In," akasema. Mbele za watu.

"Dai."

"Tri."

Na kutoka upande wa pili, sauti imechelewa kidogo kwa sababu ya mtandao:

*"Pedwar."*

"Pimp!"

*"Chwech."*

"Saith!"

Walienda hivyo mpaka deg. Mama alikuwa ameshatoka nje. Mjomba anasema kaingiwa na mdudu jichoni, macho yote mawili, wadudu wawili.

Bibi akanigeukia. "Muulize. Baada ya kumi kuna nini?"

20. FOMU YA UTAMBUZI WA KABURI

JINA LA MAREHEMU: Idwal Rees

MAHALI ALIPOZALIWA: ~~England~~ Rhydygarn, Wales

URAIA: Britania

UTHIBITISHO: (1) nakala ya kitabu cha ubatizo, kanisa la Rhydygarn, 1904, (2) barua ya marehemu, (3) barua ya ndugu wa damu, Bi. Eleri Parry

ALIJULIKANA KWA JINA LA: Mwingereza

UHUSIANO WA MWOMBAJI: Binti

IDADI YA MAWE AU ALAMA ZITAKAZOHAMISHWA: ____

21. Ofisini, 14 Machi, saa tisa na dakika tano

Mtendaji wetu ni dada Nzunda. Mkali lakini mtu. Kasoma fomu yote kidole kikifuata mstari.

"Mama, mbona hapa imekatwa England? Mimi mwenyewe nimekua najua ni kaburi la Mwingereza."

"Tulimkosea," Mjomba akadakia. "Naomba nieleze, Mtendaji. Umewahi kuishi na mtu wa Pemba?"

"Gwakisa, nyamaza," Bibi akasema. Akakaa vizuri. "Mwanangu, pasipoti yake ya Britania. Kwao Wales. Huku tulimwita Mwingereza, na jina hilo alilia ugali, kwa hiyo nalo nimeliandika, sitalitupa. Ila akiulizwa kwao, asijibiwe kwa jirani."

Dada Nzunda akagonga muhuri. Mlio wa muhuri, jamani! Nimeurekodi, nautumia kama mlio wa simu.

"Mimi nimepokea. Inapanda wilayani, majibu yatatoka kwao. Siwezi kukuahidi, Mama."

"Sijaomba ahadi. Nimeomba uandike kuwa nimekuja."

"Nimeandika." Akageuza karatasi. "Mmeacha hapa. Idadi ya mawe. Ni mangapi?"

Bibi akaniangalia. Mimi najua ni kumi na moja, wewe unajua, tangu fungu la tano.

"Hayo nikayahesabu mwenyewe," akasema. "Mpaka saa tisa na nusu, sivyo?"

22. *(Kundi la WhatsApp)*

*Mjomba Gwakisa amebadilisha jina la kundi kutoka "UKOO WA MWINGEREZA 👑" kuwa "UKOO WA JANI 🌱"*

Mama: Na jezi?

Mjomba Gwakisa: Naipenda timu dada. Kupenda timu sio asili.

Mama: Sawa. Shona kwapa.

23.

Ujumbe kutoka kwa Eleri, saa tisa na dakika kumi na mbili, tupo njiani kwenda makaburini, natembea naandika:

Ni picha. Jiwe jeusi. Mtu kachuchumaa, patasi mkononi, amepiga mistari ya chaki kwenye ile nafasi. Anaangalia kamera kama mtu aliyeulizwa jina la mgeni mlangoni.

*Anauliza,* kaandika Eleri. *Tumwandikie wapi? Herufi kwa herufi tafadhali. Yeye huchonga mara moja tu.*

Nikamwonyesha Bibi. Hakusimama.

"Mwambie aanze," akasema. "Herufi ya kwanza anaweza kuanza nayo. Nyingine zinakuja, nina kazi."

Nikatuma.

M

24.

Kaburi limefagiliwa. Mtendaji kaja nyuma yetu na fomu, kalamu sikioni. Gwakisa kavua kofia. Nyasi zina matone ya mvua ya mchana, na kilima, sijui nikwambieje, kile kilima kinang'aa.

Bibi kainama. Anagusa jiwe moja moja kwa kiganja, kama anavyogusa vichwa vya watoto kanisani. Na anasema kwa sauti. Sio ya kuku. Sauti ya darasani, ya mkono juu.

"In. Dai. Tri. Pedwa. Pimp. Hwekh. Saith. Uith. Nau.

Deg."

Limebaki moja, la kumi na moja.

Anasimama. Anajishika kiuno. Kalamu ya dada Nzunda imetoka sikioni, ipo juu ya karatasi, inasubiri.

Bibi anaangalia lile jiwe la mwisho, ambalo kwa miaka themanini na tatu alikuwa analirudisha mwanzo.

Anainama.

"*In ar dheg*," anasema.